Alamu ya Kutembea Ilie Saa Ngapi?

Mgonjwa wa moyo anayerudi Maramba kutoka hospitali mjini Tanga hubeba vitu viwili: mfuko wa dawa na agizo la kufanya mazoezi. Kwenye dawa imeandikwa kutwa mara ngapi, kwenye mazoezi hakuna kitu. Akifika nyumbani, majirani humwambia apumzike, bodaboda humfuata hadi mlangoni, na wajukuu humnyang'anya hata ndoo ya maji. Mtoto aliye Dar es Salaam humtumia simu ya kupangusa yenye programu ya kuhesabu hatua, akiamini kazi imekwisha.

Hofu ya majirani ina asili yake. Hadi katikati ya karne iliyopita madaktari wenyewe walimlaza kitandani kwa wiki kadhaa mtu aliyepata shambulio la moyo. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa mabasi ya ghorofa ya London: makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, waliugua mishipa ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. (Konda wa daladala zetu, anayening'inia mlangoni, angehesabiwa kundi gani?) Mwaka 2009 utafiti wa HF-ACTION, uliohusisha watu 2,331 ambao mioyo yao ilikuwa imepungukiwa nguvu ya kusukuma damu, ulionyesha kwamba mazoezi yanayosimamiwa vizuri ni salama hata kwao.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya presha. Katika wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kazi waliofuatiliwa Muhimbili, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2014, asilimia 45 walifikishwa hapo na shinikizo la damu. Mtu anapotembea, mishipa inayopeleka damu kwenye misuli hutanuka. Akitembea karibu kila siku kwa miezi, misuli yake hujifunza kutumia oksijeni vizuri zaidi, presha hushuka, na moyo hausukumi tena kwa shida ileile.

Sasa turudi kwenye simu. Jaribio la mActive lililofanyika Baltimore lilikuwa na watu 48 tu na lilidumu wiki chache, lakini jibu lake linafundisha. Kuoneshwa idadi ya hatua peke yake hakukuleta tofauti ya maana. Waliopata meseji zilizoandikwa kulingana na hali ya kila mmoja walitembea hatua kama 2,500 zaidi kwa siku kuliko wasiotumiwa meseji. Sydney, wagonjwa 710 wa mishipa ya moyo walifuatiliwa kwa miezi sita, nusu yao wakipata meseji nne kwa wiki. Waliozipata walifanya mazoezi zaidi, na presha yao ya juu ilikuwa chini kwa zaidi ya alama 7. Lakini Chuo Kikuu cha Michigan kilipojaribu meseji zinazofuata hali ya hewa na wakati wa siku, zilisaidia mwanzoni kisha nguvu ikafifia. Masikio huzoea.

Mimi naona somo kubwa zaidi liko jirani, Kenya, kwa watu wanaotumia dawa za VVU. Chulaimbo, magharibi mwa nchi hiyo, meseji ya mara moja kwa wiki iliwasaidia watu kumeza dawa kwa utaratibu, ile ya kila siku haikusaidia. Na katika jaribio la WelTel lililochapishwa mwaka 2010, wauguzi waliuliza neno moja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Asiyejibu alipigiwa simu. Waliofuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa chochote.

Dawa si mazoezi, nakubali. Hata hivyo swali hufanya kazi ambayo amri haiwezi. Bibi wa Maramba akipokea "TEMBEA SASA DAKIKA 30" atadhani ni tangazo la mtandao. Akipokea "Shikamoo bibi, leo umefika mpaka wapi?" kutoka kwa mjukuu au muuguzi anayemjua, atataka kuwa na la kujibu. Kujibu kwenyewe hakuhitaji bando wala simu janja. Mwenye kitochi atabipu mara moja kwa "nimetembea". Programu ya hatua ina udhaifu wake: simu lazima iwe mwilini, na mama aliyejifunga kanga huiacha kwenye chaji.

Saa ya kikumbusho ndiyo hukosewa zaidi. Wengi wenye moyo mkubwa humeza furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini wanayoijua kwa jina la Lasix. Akiimeza saa 1 asubuhi, saa 2 na saa 3 yuko safari za msalani. Alamu ikilia wakati huo ataizima, na hana kosa. Adhuhuri jua la Pwani humkausha zaidi. Alasiri inafaa: adhana yenyewe inakumbusha, jua limepoa, na msikiti uko umbali wa kutembea. Asiyeswali afungamanishe matembezi na kurudi kwa wanafunzi au kwenda kufungua mbuzi. Masika barabara ikiwa tope, azunguke barazani.

Kasi isipimwe kwa mapigo, maana atenololi na dawa za jamii yake huyazuia kupanda. Apime kwa mdomo: akitembea aweze kuongea, asiweze kuimba. Aanze na dakika 5 au 10 njia tambarare, aongeze polepole kuelekea dakika 150 kwa wiki kwa kadiri daktari wake atakavyoruhusu. Vilima vya kuelekea Usambara vingoje.

Zipo siku za kutoitii alamu. Miguu ikivimba kuliko kawaida, uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku chache, au akiamka usiku kwa kukosa pumzi, asitembee, aende kituo cha afya. Kifua kikibana au kizunguzungu kikimshika njiani, asimame na kukaa papo hapo. Kikiendelea kubana, apelekwe hospitali mara moja, na safari hiyo bodaboda wamtafutie gari.