Gurudumu la Kusubu na Gurudumu la Kufua

Mababu zetu walijua njia mbili za kutengeneza vyombo vya madini. Kule Katanga waliyeyusha shaba, wakaimimina katika kalibu, wakapata ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Lakini jembe hawakulimimina. Mhunzi alitia chuma motoni, akakiweka juu ya fuawe, akakipiga nyundo mpaka kikapata umbo lake. Kumimina ndiko kusubu. Kupiga ndiko kufua. Viwanda vya magurudumu ya motokari vyafuata njia hizo hizo mbili hata leo.

Tusemapo gurudumu, hatusemi mpira, bali lile duara gumu lishikalo mpira, ambalo mafundi huliita janti. Janti nyingine ni za bati la chuma. Zile zing'aazo ni za alumini iliyochanganywa na madini mengine kidogo. Kwa macho, janti za alumini hufanana. Kwa ndani hazifanani.

Katika kusubu, alumini huyeyushwa, humiminwa kalibuni, kisha huachwa ipoe. Kazi ni ya upesi na gharama yake si kubwa. Ndiyo sababu janti nyingi za alumini ni za namna hii. Lakini alumini ikipoa hunywea, na hewa iliyomo yaweza kuacha vitundu vidogo visivyoonekana. Ufa huanzia hapo.

Katika kufua, alumini haiyeyushwi. Kipande kigumu hutiwa moto mpaka kilainike, kisha mashine hukikandamiza kwa nguvu ya maelfu ya tani. Vitundu hufungwa, na chembe za madini hujipanga kufuata umbo la gurudumu, kama nyuzi katika ubao mzuri. Kampuni ya Alcoa ya Marekani ilifua gurudumu la alumini la lori mwaka 1948. Huko Ujerumani, kiwanda cha Otto Fuchs kilifua magurudumu ya Porsche 911 S, yaliyotokea mwaka 1966.

Tupime sasa nguvu. Tuchukue ufito wa alumini wenye unene wa milimeta 1 ya mraba. Ule wa kusubu huweza kubeba kilo 17 hadi 20 hivi kabla haujaanza kunyooka usirudi tena. Ule wa kufua hubeba kilo 28 hivi. Kwa kuwa madini yake yana nguvu zaidi, fundi aweza kuyapunguza unene. Basi gurudumu la kufua huwa jepesi, wala nguvu yake haipungui.

Wepesi huo una faida gani? Uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Gurudumu zito likipita shimoni huruka na kukawia kurudi chini. Jepesi hurudi upesi, na mpira hukaa barabarani. Tena breki hulisimamisha bila taabu nyingi.

Lakini tofauti iliyo kubwa kwetu ni hii: gurudumu la kusubu likigonga shimo kwa nguvu laweza kupasuka; la kufua mara nyingi hupinda kwanza, na kupinda humpa dereva onyo. Janti ya chuma nayo ni nzito, lakini hupinda, na bei yake ni nafuu.

Hatusemi kwamba gurudumu la kusubu ni baya. Likisubiwa vema, na lisipopakiwa kupita kiasi, hudumu miaka mingi. Twamshauri kila baba wa jamaa atazame upande wa ndani wa janti, asome uzito ulioandikwa pale. Akiisha kugonga shimo kubwa, aivue janti na kutafuta ufa. Akiuona, asikubali upakwe rangi au uzibwe kwa kuchomelea. Janti hiyo imekwisha kazi yake.

Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Muuzaji husifu mng'ao. Wewe uliza janti ilitengenezwaje, na yaweza kubeba uzito gani. Maana juu ya magurudumu hayo manne wamekaa mkeo na watoto wako, na Mungu amekukabidhi uhai wao.