Muzinga wa karatasi, na maganda yake ya shaba

Hapa Golf kuna meza moja yenye watu hawakulie tena. Imejaa karatasi, makasi, wembe na kole. Juu yake tunajenga Sexton, muzinga wa vita vya pili vya dunia wenye kujiendesha wenyewe. Kanada iliutengeneza Montreal, toka 1943 mpaka 1945, yote pamoja 2.150, juu ya mwili wa kifaru. Wetu ni mudogo mara 25: urefu wake hauzidi sentimetre 25.

Mwenye kuzani ni muchezo wa batoto, aje aone minyororo. Kila upande vipande zaidi ya 70. Kila kimoja kinakatwa, kinakunjwa, kinabandikwa, na kinangojewa kikauke. Mudomo wa muzinga tunauvingirisha kwenye rayo ya kinga. Kole ikizidi, karatasi inalegea na kupinda, njo basi, unaanza tena. Kwa mvua ya mwezi wa kumi na mbili, hewa yenyewe inalowesha karatasi. Umeme ukikatika tunafunga kazi: mushumaa haukaribie meza hii.

Sexton iko wazi juu, na hapo njo utamu wake. Kifaru chenye kufunikwa unaweza kukiacha tupu ndani, nani ataona? Hapa kila kitu kinaonekana: nafasi ya watu 6, radio, obusi zenye uzito wa kilo 11 na zaidi, na maganda ya baruti. Ganda moja kwetu halifike milimetre 4 za upana. Tunalivingirisha ku kijiti cha meno.

Muzee mumoja wa kartie, mutoto wa mufanyakazi wa Union Minière, alikamata kijiti kimoja akauliza: "Hii njo nini?" Tukamujibu: ganda. "La nini?" La mukuba. Akacheka. "Basi munajenga vita ya kwetu!"

Hakukosea. Maganda ya namna hiyo ni shaba iliyochanganywa na zinki, na wakati wa vita shaba ya Katanga iliuzwa kwa Uingereza. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Serikali yake ilikaa London, na Kongo ilipaswa kutoa. Hapa Elisabethville bei zilipanda, mushahara ukabaki nyuma. Mu desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mupira; askari wakapiga risasi, wakaua makumi ya watu. Léonard Mpoyi, mwenye kusema kwa jina lao, alikufa hapo.

Kuna wenye kutuuliza sababu gani kujenga silaha, mu inchi yenye mashariki yake haijapata usingizi. Swali ni la haki. Nyumba za karatasi tumezijenga pia, na ni nzuri kweli, lakini hakuna muzee aliyetuhadisia Union Minière mbele ya nyumba ya karatasi.

Kumebaki munyororo wa kushoto na rangi ya kijani. Maganda hatutayapaka kijani. Batoto ba parsela wametuletea waya wa umeme uliokatika. Tumeuchuna, na nyuzi zake nyembamba tunazizungusha kila ganda, moja moja, kwa kibano cha nyusi. Yamebaki 11.