Majani Haba Juu ya Mchanga

Viwanja vya kale vya gofu, kama ule wa St Andrews huko Uskoti, havikuchaguliwa kwa ajili ya rutuba. Vilikuwa ni vilima vya mchanga baina ya bahari na mashamba, ardhi ambayo mkulima hakutaraji mavuno kutoka kwake na mchungaji aliiachia kondoo wake. Mchanga una fadhila, kwa kuwa mvua inyeshapo haufanyi matope. Walakini fadhila hiyo ndiyo asili ya balaa lake, maana chembe zake ni kubwa, nafasi baina yake ni pana, na maji, pamoja na chakula cha mmea kilichoyeyuka ndani yake, huteremka kabla mizizi haijapata kunywa.

Msimamizi wa uwanja aonaye majani yake yamekonda na mchanga unachungulia, aghalabu hukimbilia mpira wa maji, akanyunyiza kidogo kila jioni. Tadbiri hiyo, ijapokuwa ni ya nia njema, huzidisha maradhi; kwani maji machache huizoeza mizizi kukaa juu, na jua liwakapo kwa majuma mawili mfululizo, mmea hauna akiba. Lililo bora ni kunywesha kwa nadra lakini kwa kina, alfajiri, kabla jua na upepo havijatwaa sehemu yao. Hali kadhalika kisu cha mashine ya kukatia majani kiinuliwe: jani ndilo lilishalo mzizi, basi alikataye zaidi ya theluthi yake kwa mara moja huupunguza mzizi pasipo kujua.

Fauka ya hayo, mchanga uliokaa miaka mingi chini ya majani huweza kugeuka ukayakataa maji, kwa sababu mabaki ya mimea na kuvu huzivika chembe zake utando wa namna ya nta. Dalili yake ni mabaka makavu kando ya majani mabichi. Chimbua kipande cha udongo mkavu, ukidondoshee tone la maji; likibaki limeviringika juu yake, jua kuwa hata mvua kubwa itapita kando. Hapo ardhi hutobolewa matundu, hutiwa dawa ya jamii ya sabuni iwezeshayo maji kupenya, kisha hunyweshwa polepole.

Mbolea nayo itiwe kidogo kidogo, kwa kuwa ile nyingi ya mara moja huishia chini pamoja na mvua. Na samadi iliyooza vema, ikachekechwa na kuchanganywa na mchanga, hutandazwa kwa uchache. Tom Morris, aliyeutunza uwanja wa St Andrews tangu miaka ya 1860, alisifika kwa kutandaza mchanga juu ya majani, nao husawazisha ardhi na kupunguza unene wa mabaki makavu.

Mwisho ni uteuzi wa jamii ya majani. Kwenye baridi hufaa festuka nyembamba. Katika pwani yetu hufaa ukoka, ambao hupandwa kwa vipande vya shina na kutambaa wenyewe. Wala ubichi si kipimo cha uwanja mwema: mwaka 2018 mashindano ya gofu ya Open yalichezwa Carnoustie, huko Uskoti, juu ya majani yaliyogeuka hudhurungi kwa ukame, na mchezo haukuharibika. Basi msimamizi asiihofu rangi. Kabla ya kuongeza maji, achimbe, aupime mzizi, na huo ndio umwamulie.