Kariakoo: Kamera itasoma namba, kadi itamtaja nani?

Ukitaka kununua gari la mkononi Dar es Salaam leo, dalali mwaminifu atakushauri uangalie deni kabla hujafungua boneti. Unaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TMS wa polisi. Kosa moja la barabarani ni Sh30,000, na gari lililopita kwa madereva watatu wa mkataba linaweza kubeba makosa ambayo muuzaji mwenyewe hayajui. Ukitoka hapo unaangalia ushuru wa maegesho, halafu bima kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA. Kote huko unaandika kitu kilekile: T, tarakimu tatu, herufi tatu.

Namba ya gari imeshakuwa akaunti ya malipo. Kwenye barabara kuu zilianza tochi: askari anapiga picha gari lililozidi kilomita 50 kwa saa penye kibao na kuirusha kwa simu kwa mwenzake aliye mbele. Zikaja mashine za mkononi zilizochukua nafasi ya kitabu cha faini, kisha namba ya malipo ya serikali inayolipika kwa simu. Mwaka 2021 wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, nao ukaingiza ushuru wa maegesho kwenye utaratibu huo. Mkusanyaji anaandika namba, deni linakaa kwenye gari, dereva analipa kwa *152*00# au kwa wakala. Katika mnyororo wote huo, kazi kubwa iliyobaki kwa jicho la binadamu ni kuisoma namba.

Kazi hiyo ndiyo inayouzwa na kampuni za kamera duniani. Teknolojia yenyewe ni ya zamani. Ilibuniwa Uingereza mwaka 1976 katika kitengo cha utafiti cha polisi, na Februari 2003 London ikaitumia kutoza magari yanayoingia katikati ya mji, pauni 5 kwa siku wakati ule. Siku hizi kamera ya usalama ikiwekewa programu inasoma namba, inailinganisha na orodha ya magari yaliyoibwa na kumpa askari taarifa ndani ya sekunde chache. Kwa Kanda Maalumu ya Polisi Dar es Salaam, kishawishi kinaeleweka. Mwanzoni mwa 2025 Kariakoo ilizinduliwa kuwa eneo la biashara kwa saa 24, na taa pamoja na kamera za usalama zikawa sehemu ya maandalizi. Mzigo unaoshushwa saa nane usiku unahitaji ulinzi, na askari hawawezi kutosha kila kona ya Msimbazi na Uhuru.

Hata hivyo, kabla ya kusaini mkataba wowote, ningewaomba wanunuzi wa kamera hizo washinde asubuhi moja Mtaa wa Mkunguni wakimtazama mkusanyaji wa maegesho akifanya kazi. Kirikuu kimepanda kibaraza kwa tairi mbili, kimejaa marobota ya mitumba, na ncha ya turubai imeangukia namba ya nyuma. Mkusanyaji analiinua turubai, anafuta vumbi kwa kiganja, anainama. Herufi ya mwisho ni E au F? Bampa liligongwa na bati limekunjika palepale. Anazunguka mbele, anakuta guta limebanwa hadi kwenye taa. Mwishowe anasoma namba iliyochongwa kwenye kioo cha pembeni, ambayo mwenye gari aliiweka kuwakomesha wezi wa vioo. Kamera ya juu ya nguzo haina namna ya kuinua turubai wala kuzunguka gari.

Na hicho ni kirikuu chenye namba halali. Zipo namba za 3D, zile za herufi zilizotuna, ambazo polisi wamezikataza na bado zinaonekana mjini. Wapo bodaboda waliokunja bati likatazama juu. Halafu kuna hili ambalo wauzaji wa mitambo kutoka nje huenda wasilione mapema: pikipiki na bajaji zetu zina mpangilio uleule wa tarakimu tatu na herufi tatu, ila zinaanza na MC badala ya T. Mashine ikiruka mwanzo huo, pikipiki iliyoibwa Buguruni itageuka kuwa gari la familia ya Upanga. Jambo kama hilo limeshatokea. Agosti 2020, mjini Aurora, Colorado, polisi waliwatoa kwenye gari mwanamke mmoja na watoto wanne wa familia yake na kuwalaza chini kwenye eneo la maegesho, kwa sababu namba ya gari lao ililingana na ya pikipiki iliyoibwa jimbo jingine, Montana. Mwaka 2024 mji huo ulikubali kuilipa familia dola milioni 1.9.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa zaidi haliko barabarani. Liko kwenye daftari la magari, ambalo ni la Mamlaka ya Mapato (TRA), wala si la polisi. Mara nyingi gari linabadilisha mikono kwa kuandikishana mbele ya mwanasheria na kukabidhiana kadi, huku jina kwenye kadi likibaki la mmiliki wa awali. Kuhamisha umiliki kunataka TIN, mkataba wa mauziano, kadi halisi, ada na ushuru wa stempu. Mtu aliyenunua kirikuu kwa mkopo wa kikoba anaona fedha hiyo ni afadhali iende kwenye tairi. Hapo hata kamera isiyokosea herufi moja itampelekea faini mtu aliyeuza gari miaka minne nyuma na kuhamia Mwanza. Askari wa tochi walau humsimamisha dereva akamwona uso. Kamera inamjua mwenye kadi tu. Kama mimi ndiye ningepanga bajeti, fedha za mwanzo zingefidia msamaha wa muda wa gharama za kuhamisha kadi, tuseme miezi sita, na dawati la TRA lingewekwa Kariakoo kwenyewe.

Swali jingine ni nani analipwa, na kwa kipimo gani. Kenya mwaka 2014 iliipa Safaricom kandarasi ya Ksh bilioni 14.9 ya mawasiliano ya polisi na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Uganda ilianzia kwenye bati. Julai 2021 ilisaini mkataba na kampuni ya Urusi, Joint Stock Company Global Security, wa namba mpya za kielektroniki, na zile za kwanza zikafungwa kwenye magari ya serikali Novemba 2023. Juni 2025 zilianza faini za kamera zinazotumwa bila askari kusimamisha gari, na ndani ya siku chache zikasitishwa kwa kelele za wananchi waliolalamikia ukubwa wake na kuhoji fedha inakwenda kwa nani. Kampuni inayolipwa kwa asilimia ya faini hupata faida madereva wanapokosea. Mkataba wa Dar es Salaam, ukija, ulipe kila mwezi kwa kamera inayofanya kazi, hata kama mwezi huo hakuna aliyeandikiwa kosa.

Wanaoweza kuvuna kimyakimya ni kampuni za bima. Bima ndogo ya gari binafsi ni Sh118,000 pamoja na VAT, na stika zake sasa ni za kielektroniki. Uingereza kamera za polisi hulinganisha namba na kanzidata ya bima na kumnasa asiyekatia gari lake. Hapa kwetu utaratibu huo ungemlinda moja kwa moja mwenye guta anayegongwa na gari lisilo na bima na kuishia kujitibu mwenyewe.

Kariakoo ina hofu yake, na ni ya kibiashara. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kupinga kamatakamata na utitiri wa kodi, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Kamera inayosoma namba Mtaa wa Livingstone itajua Fuso gani lilishusha stoo gani, saa ngapi, mara ngapi kwa wiki. Kwa mpelelezi, hiyo ni njia ya kumfikia mwizi wa mzigo. Kwa mkadiriaji kodi ni makisio ya mauzo, na kwa mshindani ni ramani ya wateja wa jumla wanaotoka Lubumbashi na Lusaka.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume yake Aprili 2024. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, lakini inaacha mlango kwa kazi za kuzuia uhalifu, na muda wa kuhifadhi picha unaweza kupotelea mlangoni hapo. Jimbo la New Hampshire, Marekani, linataka namba isiyohusishwa na kosa ifutwe ndani ya dakika 3. Uingereza huhifadhi miezi 12. Mwenye stoo Kariakoo aliyeibiwa hujua ndani ya siku chache, kwa hiyo siku 30 zinatosha kwa upelelezi, na TRA isifungue kumbukumbu hizo bila amri ya mahakama. Jumuiya ya Wafanyabiashara Tanzania iyapeleke masharti hayo mawili polisi na kwenye Tume kwa maandishi, wakati zabuni haijatangazwa.