Ujumbe Uliobaki Katika Simu ya Zamani



Mfungo Mosi uliopita, mpwa wetu afanyaye kazi Dubai alirudi likizoni na kutukabidhi zawadi ya iPhone. Simu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Android, yenye umri wa miaka sita, kioo chake kimepasuka pembeni na betri yake haivuki baina ya alasiri na isha bila ya kuomba chaji. Tulishukuru, tukamwombea dua. Siku ya pili, baada ya darsa ya asubuhi, tukapita kwa fundi wa simu tukamwomba atuhamishie laini. Fundi, Mungu amlipe kheri, alituuliza kama tunataka na vilivyomo katika simu ya zamani vihamishwe, akatuonya kwamba kazi hiyo ingechukua yapata saa nzima. Adhuhuri ilikuwa imekaribia na tulikuwa tumeahidi kusimamia nikaha Majengo. Tukamwambia kwamba majina na namba za watu zatosha.

Simu ya zamani akaifuta yote kwa idhini yetu, na jioni ile tukampa mwadhini wa msikiti wetu, ambaye yake ilikuwa imeibiwa kivukoni Likoni. Tulilala tukiwa na furaha ya mtu aliyefanya mambo mawili mema katika siku moja.

Usiku wa tatu tulitafuta ujumbe fulani wa mzazi wa mwanafunzi, tukakuta ukurasa mtupu. Ujumbe wa miaka sita haukuwapo hata mmoja. Hatukusikitika sana wakati ule. Wingi wake, tulijiambia, ni matangazo ya mkopo na ya vifurushi, na mtu huwa hahesabu takataka zilizochukuliwa na maji ya mvua. Hesabu ilikuja baadaye.

Wengi wetu hudhani kwamba ujumbe mfupi hukaa katika laini, kwa hivyo aliyeihamisha laini amehamisha na ujumbe. Dhana hii ilikuwa na ukweli kidogo zamani, kwa kuwa simu za mwanzo ziliweza kuweka ujumbe kiasi ndani ya laini, na laini ikijaa ulilazimika kufuta wa kale ili upokee mpya. Simu za leo huuandika ujumbe katika kumbukumbu ya simu yenyewe. Kampuni ya mtandao ni tarishi: huleta barua mlangoni ikaenda zake. Barua ikishaingia ndani, kuitunza ni juu ya mwenye nyumba.

Na nyumba hizi mbili, ya Android na ya iPhone, hazikujengwa na fundi mmoja wala funguo zake hazifanani. Mwenye simu ya Android aweza kuwekewa nakala ya ujumbe wake katika akaunti yake ya Google, na nakala hiyo ikarejeshwa katika simu nyingine ya Android. Katika iPhone haifunguki. Mwenye iPhone naye nakala yake hukaa iCloud, na haishuki ila katika iPhone nyenziwe. Ndiyo maana mtu aweza kubadilisha simu mara nne za aina moja asipoteze neno, kisha akabadilisha aina mara moja tu akabaki mikono mitupu.

Daraja lipo. Tangu mwaka 2015 kampuni ya Apple imetoa programu iitwayo Move to iOS, ambayo huwekwa katika simu ya Android na kuvusha ujumbe, picha na namba za watu hadi iPhone. Lakini daraja hilo hufunguliwa wakati mmoja tu: pale iPhone inapowashwa na kupangwa kwa mara ya kwanza. Ukishamaliza kuipanga, huna budi kuifuta yote uanze upya. Saa ile moja tuliyomnyima fundi ndiyo iliyokuwa saa ya daraja. Na tulipokuja kulijua hilo, simu ya zamani ilikuwa imekwisha kufutwa, mwadhini akiitumia kwa salama na amani.

Siku chache baada ya Idi ya Mfungo Tatu alifariki rafiki yetu wa tangu chuoni, mwenye duka la vitambaa hapa mjini. Tulikalia mkeka mmoja mbele ya maalim mmoja, tukaosha mbao zetu katika pipa moja. Mwaka juzi, mama watoto wetu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, marehemu ndiye aliyetushika mkono. Alikuwa akituma pesa kwa M-PESA, kidogo kidogo, na kila akituma hufuatisha ujumbe wa maneno machache. Mara nyingine husema ni mkopo, tulipe tutakapoweza. Mara moja, na hili tulilikumbuka vyema, alisema za leo tusizihesabu, ni zake kwa mgonjwa.

Warithi walipokaa kuhesabu mali na madeni, kama ilivyo wajibu kabla ya urithi kugawanywa, tulikwenda kwa shemeji wa marehemu, nduguye mjane, tukamwambia: sisi ni wadaiwa. Akauliza: wadaiwa wa kiasi gani, Shekhe? Tukautia mkono katika kanzu kuitoa simu, kisha tukakumbuka.

Kila Ramadhani, kwa zaidi ya miaka ishirini, tumeifasiri aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, na yote yazungumzia deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika. Tumeifasiri tukiwa na deni lisiloandikwa popote ila katika chombo tulichokitoa sadaka kwa sababu ya ubovu wa betri. Daftari la marehemu baba yetu, aliloandika madeni ya duka lake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, bado limo sandukuni. Mchwa wamekula pambizo zake, lakini hesabu yasomeka.

Tukasema, Mungu ashukuriwe, M-PESA ina kumbukumbu yake. Tukaomba taarifa ya miamala, tukaipata siku ile ile. Marehemu alitutumia mara tano: shilingi 15,000, kisha 10,000, kisha 8,000, kisha 10,000 tena, na mwisho 5,000. Jumla 48,000. Sisi tulikuwa tumemrudishia 20,000 kwa njia hiyo hiyo. Kila kitu kilikuwapo, siku na saa na dakika.

Ila jambo moja. Taarifa hukumbuka kiasi, haikumbuki nia. Shilingi za mkopo, za hiba na za sadaka zote huonekana sawa katika karatasi ile. Kilichotenganisha hiba na deni kilikuwa maneno ya marehemu, na maneno ndiyo yaliyofutwa. Sisi tuliamini kwamba zile alizosamehe ni 10,000 mojawapo. Tukazitoa, deni likabaki 18,000. Lakini tulikuwa tukijishuhudia wenyewe, kwa faida yetu wenyewe, dhidi ya maiti asiyeweza kusema na watoto wanne ambao wawili wao hawajabaleghe. Mwenye kudai kwamba alipewa hiba na aliyekufa, juu yake ni kuleta ushahidi. Na lililosemwa katika Suratun Nisaa juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma halimpi usingizi mtu mwenye kuogopa. Tukaazimia kulipa 28,000 zote, tulale.

Shemeji akaupeleka ujumbe ndani, kwa kuwa mjane alikuwa katika eda. Akarudi na jibu ambalo hatukulitarajia. Bibi yule alisema: "Mume wangu hakuwa mtu wa kurudisha alichokitoa. Mwambie Shekhe asije akawalisha wanangu kisicho chao." Kisha akaongeza kwamba simu ya marehemu imo kabatini, haijaguswa tangu siku ya maziko.

Hapo ndipo tulipozinduka. Barua ya karatasi ilikuwa moja. Ukimpelekea mtu, wewe huna. Ujumbe wa simu una nakala mbili, moja kwa aliyepeleka na moja kwa aliyepokea, na kufutwa kwa moja hakuigusi nyenziwe. Miezi mizima tulikuwa tukiomboleza nakala yetu, na nakala yake imelala mtaa wa pili.

Kufungua simu ya maiti si jambo jepesi, na tulisita. Siri za mtu haziwi halali kwa kuwa amekufa. Tukakubaliana kwamba ifunguliwe na mwanawe mkubwa, mbele ya ami yake na shemeji, na kisomwe kile tu kilichoandikwa baina ya marehemu na sisi. Ilichukua muda kupata chaji, kisha kijana akaweka namba ya siri aliyofundishwa na babake.

Ujumbe ulikuwapo wote. Alizosamehe marehemu hazikuwa 10,000. Zilikuwa zile 8,000. Tulikuwa tumejipunguzia deni kwa shilingi elfu mbili, kwa nia safi na kumbukumbu mbovu. Na chini yake, ujumbe wa siku nyingine: alikuwa akitukumbusha kuongeza katika hesabu 3,500 alizotupa mkononi mlangoni mwa msikiti, za dawa. Hizo hatukuzikumbuka kabisa. Taarifa ya M-PESA haikuzijua kwa kuwa hazikupitia huko. Nasi tulikuwa tumemjibu, tena kwa maandishi yetu wenyewe, "Naam, nimeziandika."

Tulishikwa na haya mbele ya kijana yule, ambaye tulimfundisha alifu kwa mkono wetu. Hesabu ikasimama 23,500, tukazilipa mbele ya mashahidi wawili, na safari hii tukaandika karatasi, kila upande nakala yake.

Tumesimulia haya kwa kuwa katika nyumba zetu za Pwani simu imekuwa daftari la deni, la amana, la mahari yaliyobaki na la mchango wa maziko. Mwenye kushika mambo ya watu katika simu yake na akataka kubadilisha aina, asikubali kuondoka kwa fundi na simu ya zamani imefutwa. Akae nayo mwezi mzima, hata kama kuna mhitaji anayeingoja. Mhitaji atapata, akichelewa. Anayekwenda iPhone aitumie ile saa ya mwanzo, simu zote mbili zikiwa na chaji, wala asizitenganishe mpaka uhamisho ukome. Anayetoka iPhone kwenda Samsung, ipo programu ya Smart Switch ifanyayo kazi kama hiyo, na waya husaidia zaidi kuliko hewa.

Huyu wa pili ana mtego mwengine. Watu wa iPhone huandikiana kwa njia ya Apple iitwayo iMessage, ambayo si ujumbe mfupi wa kawaida. Ukiitoa laini katika iPhone kabla ya kuizima iMessage katika mipangilio, namba yako yaweza kubaki imeandikishwa huko, na wenye iPhone wakikuandikia, ujumbe ukenda usikokuweko wewe. Watakulaumu kwa kutojibu, nawe hujui umelaumiwa kwa lipi. Ikiwa iPhone imekwisha kutoka mkononi, Apple ina ukurasa, uliowekwa tangu mwaka 2014, wa kuiondoa namba: waiandika namba yako, waletewa tarakimu za siri katika simu mpya, wazirudisha, basi.

WhatsApp nayo ina ghala lake mbali, na kuhamisha ujumbe mfupi si kuihamisha WhatsApp. Nakala yake iliyowekwa Google haifunguki katika iPhone. Lakini tangu mwaka 2022 mazungumzo huweza kuvushwa kutoka Android kwa kupitia Move to iOS ile ile, katika saa ile ile. Ukiikosa saa, umeyakosa yote mawili.

Na ule ujumbe wa deni au amana usingoje siku ya kubadilisha simu. Upige picha ya kioo, uonekane jina na tarehe, uchapishwe dukani kwa shilingi chache, utiwe katika msahafu au popote unapoweka hati. Sisi sasa tunalo daftari la mistari, na mama watoto hutucheka tunapoandika shilingi mia mbili za mwuza samaki.

Wiki moja baadaye, kijana wa marehemu alitujia msikitini baada ya magharibi, peke yake. Hakuja kwa ajili ya pesa. Alitaka kujua kama ujumbe aliokuwa akiandikiwa na babake alipokuwa bweni waweza kutolewa katika simu ile, kwa kuwa yeye mwenyewe alibadilisha simu mwaka jana na wake ulipotea. Tukakaa barazani, tukaupiga picha mmoja baada ya mmoja hadi adhana ya isha. Mwingi ulikuwa wa kumwuliza kama amekula.

Tulifika mwezi wa Shaaban wa mwaka juzi. Tutaendelea Alhamisi, inshallah.