Somo kwa Redio: Kupogolea Mkorosho

Ndugu wanafunzi wa Mtwara, Mikindani, Msimbati, na ninyi mkaao kando ya mto Ruvuma, leo tutajifunza kupogolea mkorosho, yaani kupunguza matawi yake.

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, tawi ni fedha. Nikate fedha yangu?" Swali lake ni zuri. Jibu ni hili: tawi lenye jua ndilo fedha. Mkorosho hutoa maua kwenye ncha za matawi yapatayo jua. Tawi la ndani lenye kivuli halizai. Tena machipukizi ya ndani huficha ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua.

Hasara yake tumeiona. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamia vijijini mbali na mashamba yao, bei ilikuwa ndogo, na ubwiriunga ulienea katika mikorosho iliyosongamana.

Basi, tukate lini? Tukate tukiisha kuokota korosho zote. Mwezi wa Mei au Juni, kabla ya maua, tupite tena kuondoa machipukizi ya ndani.

Fuateni mambo haya:

Kwanza, ondoeni matawi makavu na yenye ugonjwa.

Pili, ondoeni matawi yanayogusa chini, mpate kupalilia na kuokota bila taabu.

Tatu, ondoeni machipukizi ya ndani na matawi yanayosuguana. Msikate ncha za nje zenye jua, maana huko ndiko korosho zinakotoka.

Nne, tawi nene likatwe kwa msumeno. Anzeni kwa chini kidogo, kisha malizeni kwa juu. Mkianza juu tu, tawi litaanguka na kuchuna gome la shina. Msiache kisiki kirefu. Kitaoza na kuingiza wadudu.

Matawi mazima ni kuni. Yenye ugonjwa yachomwe mbali na miti.

Ukiwa na wasiwasi, pogolea mti mmoja kwanza, ukaulinganishe na jirani yake wakati wa kuokota. Na Bwana Shamba aulizwe. Watafiti wa mkorosho wako karibu, Naliendele.

Maswali ya darasa:
1. Maua ya mkorosho hutoka wapi?
2. Kwa nini tunaanza kukata tawi nene kwa chini?

Kwaherini.