Furu wa Mwanza walioko kwenye chupa Uholanzi wana faida gani?

Ghuba ya Mwanza iliwahi kujaa furu wa kila aina, wale samaki wadogo ambao wengi huwachukulia poa. Leo baadhi ya aina hizo hazionekani tena ziwani. Zimebaki kwenye chupa za alkoholi, katika jumba la makumbusho mjini Leiden, Uholanzi.

Walifikaje huko?
Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, pamoja na wenzao wa Tanzania, walianza kuwachunguza furu wa ghuba hiyo na kuhifadhi sampuli. Wakati huo sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, alikuwa bado haba upande wa Mwanza. Miaka ya 1980 akaongezeka ghafla. Furu wakaporomoka. Maji nayo yakachafuka na oksijeni ikapungua.

Samaki anahifadhiwaje?
Kwanza rangi zake huandikwa au kupigwa picha, maana zitafifia. Kisha analowekwa kwenye formalini ili asioze. Baadaye anasuuzwa kwa maji na kuhamishiwa kwenye alkoholi ya asilimia 70 hivi. Formalini huharibu vinasaba, kwa hiyo siku hizi kipande cha pezi huwekwa pembeni kwenye alkoholi kali.

Muhimu zaidi ni lebo: alivuliwa wapi, lini, kwenye kina gani. Bila lebo, huyo ni samaki aliyekufa tu.

Faida yake ni ipi?
Aina moja, Haplochromis pyrrhocephalus, ilikaribia kutoweka, kisha ikaongezeka tena miaka ya 1990. Watafiti walipolinganisha samaki wa zamani wa kwenye chupa na waliovuliwa baadaye, walikuta eneo la matamvua, anayovutia hewa, limeongezeka kwa asilimia 64. Yaani ndani ya miaka 20 hivi mwili wake umebadilika, jambo linaloendana na maji yenye oksijeni kidogo. Bila zile chupa, kusingekuwa na cha kulinganisha.

Ndiyo maana hata meli ikimwaga mafuta na kuua ndege wa baharini, baadhi ya mizoga huhifadhiwa kwa utafiti badala ya kufukiwa yote.

Ukikuta samaki au ndege wengi wamekufa ufukweni, usiokote wala kula. Piga picha, andika mahali na tarehe, kisha toa taarifa mapema kwa ofisa uvuvi wa eneo lako.